Kabla hujaiamini tovuti kuhusu dini ya mwenzako, ipime kwanza kwa Kilwa

Mikindani_Kwetu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Natumaini msimu wa korosho umewaacha salama.

Uzi huu umetokana na ubishi wa vijiweni. Kwetu huku, ukikaa kwa muuza kahawa baada ya Isha, haupiti muda mtu anatoa simu: "Soma hapa, Biblia yenyewe inasema." Mwingine naye anachomoa yake: "Na hapa Kurani inasema." Ukichungulia, wote wawili wanasoma picha iliyokatwa sijui wapi. Haina jina la mwandishi, haina tarehe, na aya imeishia njiani. Kesho yake watoto wa kidato cha sita wanaosoma Divinity na wale wa Maarifa ya Uislamu wananifuata: mwalimu, wapi mtandaoni pa kusoma dini za dunia bila kulishwa matango pori? Nimeona nijibu hapa mara moja.

Kwanza tusiisingizie WhatsApp. Ule waraka wa "Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume", aliyeota ndoto, usambaze upate neema, ukiupuuza utapata msiba, nani hajatumiwa? Huo ni mkongwe kuliko babu zetu. Mholanzi Snouck Hurgronje aliuandikia tangu miaka ya 1880, alipoukuta ukizunguka kwa Waislamu wa Indonesia ya leo. Na mwaka 1908 hapahapa Lindi ulizuka waraka uliodaiwa kutoka Makka, ukiwaonya watu kwamba kiama kimekaribia. Ulinakiliwa kwa mkono, ukatembea pwani hadi bara, Wajerumani wakaingiwa na kiwewe maana vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vilikuwa vimezimwa. Baadaye sana Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliandika risala nzima kuukanusha ule wa Sheikh Ahmad. Pamoja na hayo, bado unaingia kwenye magrupu yetu, tena siku hizi una rangi na maua.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kipimo. Changu ni hiki: tovuti inayodai kuzijua dini za dunia nzima naileta kwanza nyumbani. Ituambie habari za Kilwa, za Masasi na za Wamakonde, mambo ambayo sisi tunaweza kuyahakiki kwa kuuliza au kwenda kuona. Ikivurunda hapa, kwa nini niiamini inaponisimulia Tibet?

Kilwa. Kuna kurasa zinazoandika kana kwamba Uislamu ulishuka pwani yetu na Waomani karne ya 19. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akakuta mji wa Waislamu wa madhehebu ya Shafii. UNESCO waliuingiza mji ule na Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na maelezo yako wazi bure kwenye tovuti yao. Ukurasa usioyajua haya haukufanya kazi yake.

Masasi. Tafuta jando. Ukurasa ukikwambia wamisionari walipiga vita mila zote za Kiafrika kila mahali, basi haujafika Masasi. Askofu Vincent Lucas, Mwanglikana wa UMCA (misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza) aliyeongoza dayosisi ile kuanzia 1926, aliliingiza jando ndani ya Kanisa, likafanywa kwa sala chini ya mapadri. Wapo waliomsifu na wapo waliosema amelihasi jando lenyewe. Ukurasa mzuri utakupa pande zote mbili.

Wamakonde. Hapa ndipo tovuti nyingi zinapoanguka kifudifudi. Andika "Makonde" na "shetani" uone: utaambiwa vile vinyago vya mashetani ni ibada ya kale ya Wamakonde tangu enzi na enzi. Mtindo ule ulianza Dar es Salaam miaka ya 1950, na anayetajwa kuuanzisha ni Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka upande wa Msumbiji. Wanunuzi, wengi wao wageni, waliupenda ukashika kasi. Imani ya majini na mizimu ni ya zamani, sikatai. Lakini kile kinyago chenye jicho moja na sikio kama jani ni kazi ya sanaa ya juzijuzi, na anayekuuzia kama mungu wa kale anakuuzia kinyago tu.

Tovuti ikivuka hapo, nauliza: anayesema ni nani, na anamwambia nani? Ukitaka kujua Wabuddha wanaamini nini, anza na Wabuddha. Ukitaka kujua maandiko yao yaliandikwa lini na kwa mkono wa nani, nenda kwa wanahistoria. Anayeipinga dini hiyo msome mwisho kabisa, ukishajua anapinga nini. Vijiweni kwetu tunaanza na huyu wa mwisho.

Sasa mahali penyewe. Kwa Mayahudi ipo Sefaria: Torati, Talmud na maelezo ya marabi, Kiebrania na Kiingereza bega kwa bega, bure. Kwa Wabuddha ipo SuttaCentral, na pia Access to Insight ambayo haiongezwi tena mapya ila inapakuliwa yote ukaisoma bila mtandao. Hizi mbili zinabeba zaidi maandiko ya Kipali, yaani upande wa Theravada, tawi moja tu la Ubuddha. Mbuddha wa Japani au wa Tibet ana vitabu vingine lukuki, hivyo usimhukumu kwa hizo. Kwa Wabahai, maandiko yao yapo kwenye maktaba ya tovuti yao rasmi. Masingasinga nao wameweka Guru Granth Sahib yote, kurasa 1430, na tafsiri zake.

Ipo pia Sacred Texts, ya tangu 1999, yenye karibu kila kitu. Naipenda, ila ingieni macho wazi. Imejaa tafsiri zilizokwisha haki miliki, maana yake za zamani sana. Sehemu kubwa ya vitabu vya Kihindu na vya Kichina mtakavyokuta humo inatoka kwenye mfululizo wa juzuu 50 uliosimamiwa na Max Müller kule Oxford kati ya 1879 na 1910. Ni kazi kubwa ya wasomi, lakini ni wasomi wa enzi za ukoloni, na maelezo yao mengine yananuka enzi hizo.

Ukitaka darasa kabisa, Chuo Kikuu cha Yale kimeweka bure masomo mawili mazima: Agano la Kale la Christine Hayes na Agano Jipya la Dale Martin. Muhimu kwetu wa bando la kuungaunga ni kwamba kila mhadhara una maandishi yake. Achana na video, soma maandishi.

Karibuni muongeze, na mnaopinga pia.

Mzee_wa_Kijiweni

Mwalimu, ya kwako umeyamaliza? Kijana hajui hata nguzo za udhu unampeleka kwa Wabuddha. Hivi ndivyo watu wanavyopotea.

Mikindani_Kwetu

Mzee wangu shikamoo. Karibu mwaka 1030 Al-Biruni, Mwislamu na mwanachuoni wa kweli, aliandika kitabu kizima kuhusu Wahindu. Alijifunza Kisanskriti, akasema wazi kwamba atayaleta maneno yao kama wanavyoyasema wenyewe, bila kugeuza kitabu kuwa uwanja wa mabishano. Wahindu hawakumbadilisha dini. Alirudi na elimu ya nyota na hesabu zao, na Uislamu wake vilevile.

La udhu nakubaliana nawe. Yaende pamoja.

Mzee_wa_Kijiweni

Marahaba. Al-Biruni hakuwa na bando, alikuwa na akili. Haya endeleeni.

Ustadh_Mtanda

Assalaam alaykum. Naongezea upande wa Kurani kwa sababu hapa ndipo penye vurugu kubwa.

Watu wanasema "Kurani ya Kiswahili inasema" kana kwamba ni moja. Tafsiri kamili zinazojulikana sana ni nne. Ya kwanza ni ya Godfrey Dale, 1923, padri wa UMCA Zanzibar, yaani Mkristo mmisionari, na lengo lake halikuwa kumfundisha Mwislamu dini yake. Ya pili ni ya Waahmadiyya, 1953. Ya tatu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili 1969, na humo Sheikh anawajibu hao waliomtangulia, hasa Waahmadiyya. Ya nne ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, 1995. Mtu akikuletea aya kwa Kiswahili, la kwanza muulize tafsiri ya nani. Halafu soma utangulizi wake, maana mfasiri huwa anajitaja mwenyewe humo: ameandika kwa ajili ya nani na anamjibu nani.

Ya al-Barwani inapatikana Quran.com na Tanzil, inasomeka kwenye simu ndogo bila shida. Hadithi nendeni Sunnah.com. Kiswahili hakuna, ila kuna Kiarabu na Kiingereza, jina la kitabu, namba, na kwa vitabu vingi daraja la hadithi, yaani kama ni sahihi au dhaifu. Ukiletewa "Mtume amesema" isiyo na kitabu wala namba, mrudishie aliyekuletea akatafute. Mimi nafanya hivyo darasani na kelele zimepungua sana.

Tafsiri pana za Kiarabu, kina Tabari na Ibn Kathir, zipo Altafsir.com ya Jordan. Hiyo ni ya wanaosoma Kiarabu. Wengine msijitese.

Dogo_wa_Ligula

Mwalimu na Ustadh nawakubali. Ila mnapendekeza matovuti mengi ya Kizungu. Si niulize tu AI? Inajibu Kiswahili safi, tena kwa sekunde.

Ustadh_Mtanda

Muulize akupe hadithi kuhusu jambo lolote, halafu chukua namba aliyokupa uende Sunnah.com. Mara nyingine utaikuta. Mara nyingine namba hiyo ni ya hadithi ya mambo mengine kabisa, au haipo. Anajibu kwa sauti ileile akiwa anajua na akiwa anabuni, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtumie akueleweshe neno gumu au akufupishie ukurasa uliokwisha kuusoma. Ushahidi usimwombe.

Nyangao_Road

Wakuu, nipo Mtama, Mkatoliki. Mada nzuri, ila kidogo upande wa Ukristo umepitwa mbio.

Biblia kwenye simu wengi mnayo tayari, YouVersion ina Kiswahili. Lakini ukitaka kujua Wakatoliki wanafundisha nini, usimuulize mhubiri wa YouTube anayewachukia. Vatican.va ina Katekisimu na hati zote za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na Vatican News ina kurasa za Kiswahili kila siku. Kuna hati fupi ya tarehe 28 Oktoba 1965, Nostra Aetate, inayohusu dini zisizo za Kikristo. Someni kifungu cha Waislamu humo, kisha mlinganishe na yanayosemwa kwenye mihadhara. Nusu ya ubishi unakufa hapo.

Pili, kusema "Wakristo wanaamini" ni hatari. Mlutheri, Msabato, Mwanglikana wa Masasi na Morthodoksi wa Ethiopia, kila mmoja ana lake. Biblia ya Waethiopia tu ina vitabu kama Henoko ambavyo yetu haina. Anayesema "Kanisa limekificha kitabu cha Henoko" hajui kwamba kuna kanisa zima linakisoma wazi miaka yote.

Kwa wanaopenda historia ya watu, ipo kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, DACB, ya bure, inasimamiwa Chuo Kikuu cha Boston. Ina makatekista na mapadri Waafrika ambao huwakuti kwingine. Si kila wasifu una uzito sawa, ila chini ya kila mmoja wanaeleza umetoka wapi.

Kitangari_Juu

Mnazunguka sana. Waislamu na Wakristo nani wengi Tanzania? Nimeona tovuti ina asilimia mpaka nukta mbili.

Mikindani_Kwetu

Mkuu, tovuti hiyo umeishinda tayari. Sensa yetu iliuliza dini mara ya mwisho mwaka 1967. Ya 2022 haikuuliza. Kwa hiyo namba yoyote ya leo ni makadirio ya utafiti wa sampuli, na mkadiriaji mwaminifu hasogei mpaka nukta mbili, tena anakuonyesha alivyopata.

Mfano wa kazi inayoonyesha mikono yake ni ripoti ya Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, ya Aprili 2010 kuhusu Uislamu na Ukristo kusini mwa Sahara. Walihoji watu zaidi ya 25,000 ana kwa ana katika nchi 19, Tanzania ikiwemo, na maswali yenyewe wameyachapisha neno kwa neno. Unaweza ukabishana nao kwa sababu wamekuachia pa kushika. Hao wa nukta mbili utawashika wapi?

Kitangari_Juu

Kwa hiyo jibu hamna.

Mikindani_Kwetu

La kuhesabiwa kichwa kwa kichwa, hamna. Na serikali iliyoamua kutouliza ilikuwa na sababu zake.

Bi_Mkubwa_Kilwa

Hamjambo wanangu. Mimi nauliza la majirani. Lindi nilikokulia tulikaa na Wahindi mtaa mmoja, wengine jamatkhana, wengine Mabohora, wengine wana hekalu. Sisi tuliwaita wote Wahindi tukamaliza. Mjukuu wangu ananiuliza tofauti zao nakosa la kumjibu. Nimjibu nini, na akasome wapi?

Ustadh_Mtanda

Shikamoo Bi Mkubwa. Wa jamatkhana ni Ismailia, Waislamu wa Kishia wanaomfuata Aga Khan. Aga Khan Karim alifariki Februari 2025, akarithiwa na mwanawe Rahim, wa tano. Mabohora nao ni Ismailia wa tawi jingine: walitengana na hao zamani sana kwa sababu ya urithi wa uimamu, na kiongozi wao wa leo anaitwa Dai. Wa hekalu ndio Wahindu, dini nyingine kabisa.

Kusoma, kwa Ismailia ipo taasisi yao ya masomo London, Institute of Ismaili Studies, ya tangu 1977. Ina makala nzuri, hata mimi Msunni nimefaidika. Kumbuka tu ni taasisi yao, hivyo wataeleza kwa upande wao, na ndicho tunachokitaka mwanzo. Kwa Wahindu, anza na kurasa za dini za BBC. Zimewekwa kwenye kumbukumbu, haziongezwi tena, lakini kwa anayeanza zinatosha: fupi, hazimpigii mtu debe, zina dini karibu zote mlizozitaja humu.

Bi_Mkubwa_Kilwa

Marahaba baba. Huyu wa Dai ndiye jirani yangu aliyekuwa akituletea biriani. Mungu amrehemu.

Ndonde_Asilia

Nimesoma uzi wote sijaona dini ya babu zangu. Kurani ipo, Biblia ipo, Wabuddha ambao hata hatuwaoni wapo. Matambiko ya Wamwera na Wamakonde hayana tovuti?

Mikindani_Kwetu

Swali zito kuliko yote, mkuu, na jibu lake linauma. Dini isiyo na kitabu mtandao hauijui vizuri. Utakachokuta ni cha aina tatu: maelezo ya wamisionari na maofisa wa Kijerumani, kurasa za watalii na wauza vinyago, na kazi za wasomi ambazo nyingi zimefungwa nyuma ya malipo.

Penye nafuu ni hapa. John Mbiti, Mkenya na padri wa Kianglikana, ndiye aliyewalazimisha wasomi wa dunia kuziita hizi dini, badala ya ushirikina. Vitabu vyake ni vya tangu 1969; jaribu kuvitafuta kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayoazimisha vitabu ukijisajili. Ila yeye anaizungumzia Afrika nzima kwa pamoja, na wapo Waafrika waliompinga kwa hilo. Kwa Kusini hasa, fuatilia Maji Maji: mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokuwa hai bado. Habari za Kinjikitile wa Ngarambe, mganga wa ile dawa ya maji, na pepo Hongo zilizotoka hapo ni za wenyewe. Na mwanahistoria Felicitas Becker amefanya utafiti wa miaka Lindi na Mtwara juu ya namna watu wa bara la huku walivyoingia Uislamu. Mtafute kwa jina, makala zake baadhi zinafunguka.

Yaliyobaki yako kwa wazee wako, Ndonde. Ukiwa na simu una kinasa sauti.

Ndonde_Asilia

Bibi yangu ananiambia ya unyago hayarekodiwi.

Bi_Mkubwa_Kilwa

Na yuko sahihi. Ya chumbani yaache chumbani. Mrekodi majina ya ukoo, mahali pa matambiko, nyimbo anazozitoa mwenyewe, na umuulize kwanza kama watu wasikie. Mambo ya wanawake yaliyoanikwa YouTube yanatutia aibu.

Dogo_wa_Ligula

Sawa wakubwa. Swali la mwisho la vitendo. Bando langu ni la wiki na kwetu mtandao unakuja usiku wa manane. Hizi tovuti nazipataje?

Mikindani_Kwetu

Dogo, pakua programu ya Kiwix. Inabeba Wikipedia ya lugha unayotaka ukaisoma bila mtandao. Ya Kiswahili ni ndogo, ya Kiingereza nzima ni mzigo, lakini ipo iliyopunguzwa isiyo na picha. Na Wikipedia usiisome kama msahafu: shuka chini kwenye marejeo, kisha, siku ukipata mtandao, fungua majadiliano na historia ya ukurasa. Ukurasa wa dini ambao watu wamebishana kwa heshima kwenye majadiliano huwa bora kuliko ulioandikwa na mtu mmoja asiyeguswa. Ile ya Kiswahili ina makala fupifupi nyingi, zitumie kupata majina, ukachimbe kwingine.

Ukurasa ukiwa umekufa, bandika anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Mara nyingi nakala ipo.

Access to Insight, Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili, na maandishi ya mihadhara ya Yale ninayo kwenye kompyuta. Jumamosi nipo Mtwara mjini, stendi asubuhi kisha sokoni. Njoo na memori kadi, iwe tupu.

Kitangari_Juu

Na mimi nakuja. Namba za Pew utakuwa nazo?

Mikindani_Kwetu

Ninazo. Njoo na kadi yako, ya Dogo haitoshi wawili.